Insha ya Mombasa

Rukia alinipa simu yake hata sijamaliza kutafuna. Ilikuwa arobaini ya nyanya yake, Zuhura, hapa Voi. Dua ilikwisha kusomwa, sinia za pilau zilikuwa zikizunguka mikekani, na mimi, kwa kuwa magoti yangu yamekataa mikeka siku nyingi, nilipewa kiti peke yangu katikati ya wanawake nikaonekana kama bibi harusi aliyechelewa. Rukia ni mwalimu wa shule ya msingi huko Marungu. "Nyanya Wakio," akaniambia, "tumepewa hii na hedimasta. Imetoka kwenye mtandao, inaeleza fikira potofu za walimu kuhusu kufundisha uandishi. Mimi ndiye nimeambiwa niisome, niseme kama inatufaa ama haitufai, na mkutano ni Jumatatu. Hebu nisaidie." Nikavaa miwani. Nikasoma kwamba si kweli kuwa mtoto lazima ajue tahajia yote ndipo aanze kuandika lake. Kwamba si kweli kuwa kuandika ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Kwamba si kweli kuwa wino mwekundu ukizidi mtoto naye huzidi kuelewa. Nilipofika hapo nikaanza kucheka, na nilicheka mpaka mama mmoja akaniondolea sahani akidhani nimepaliwa. Kucheka kwenye arobaini ya rafiki yako si adabu, najua. Lakini Zuhura angekuwepo angeanza yeye, kwa sababu kazi hiyohiyo aliyopewa Rukia nilipewa mimi, katika mji huuhuu, nikiwa mdogo kuliko yeye, na nusura initoe kwenye ualimu kabla sijauingia sawasawa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeshuka kutoka milimani kwetu Udawidani na cheti cha chuo ambacho hakijawa cheti. Siku hizo mwalimu mpya alifundisha mwaka mzima akitazamwa, na mwisho wa mwaka mwalimu mkuu alitia sahihi kwamba anafaa, ndipo akaitwa mwalimu. Asiposaini, ulikunja nguo zako ukarudi ulikotoka. Kwa kijana wa kiume kulikuwa na shule nyingine ya kujaribu. Kwa msichana hakukuwa na nyingine, maana hata hiyo moja watu walikuwa wamekwisha kuuliza kwa nini darasa la nne apewe mtoto wa kike. Basi mwaka mzima niliishi na ile sahihi kichwani, nikilala nayo na kuamka nayo.

Chumba chetu mimi na Zuhura kilikuwa uani kwa mjomba wake, nyuma ya landhi za reli, zile nyumba za mistari walizokaa wafanyakazi wa garimoshi. Kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, na dirisha ambalo tukilifungua tulipata hewa pamoja na vumbi jekundu na masizi, tukilifunga tulipikika. Zuhura alifundisha darasa la pili shule moja nami. Alizaliwa Voi, lakini kwao ni pwani, na binamu yake aliyekuwa gadi wa garimoshi alimletea nazi kila alipopita, kwa hiyo jioni tulikula mbaazi za nazi na mahamri mpaka nikaanza kunenepa mashavu. Zamu yangu ya kupika nilimpikia kimanga, maharagwe na mihogo iliyopondwa pamoja, kama tulivyokula kwetu. Mara ya kwanza aliutazama mwiko ukisimama wenyewe ndani ya sufuria, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shoga, hiki tule au tukandike ukuta?" Kisha akala, akaomba tena. Nikikumbuka chumba kile sikumbuki joto wala mbu, nakumbuka tu kwamba kila jambo lililonipata darasani lilikuwa halijakamilika mpaka nimemsimulia Zuhura akiwa anapepea jiko.

Mwalimu wetu mkuu alikuwa Mwalimu Mwadime, mzee wa kanisa, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama na soksi zilizofika magotini. Alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuwa na chuki ndani. Ndiye aliyenifundisha kusimama pembeni mwa ubao ili watoto wa nyuma waone, na kunywa maji kabla ya somo la mwisho. Kila Jumamosi nilikula mchana nyumbani kwake, kwa sababu mama yake, ambaye mji mzima ulimwita Bibi, alisema hakuna msichana wa milimani atakayekula kwa watu hapa Voi yeye akiwa hai. Kwa kifupi, nilimpenda Mwalimu Mwadime, na ingekuwa rahisi kwangu kama nisingempenda.

Fahari yake ilikuwa insha moja. Aliitunga mwenyewe zamani, na kila mtoto aliyepita shule ile aliijua kwa moyo kama anavyoijua Baba Yetu. "Siku moja nilipanda garimoshi kwenda Mombasa. Moyo wangu ulijaa furaha isiyo na kifani. Nilipofika nilistaajabu kuona bahari, maji mengi yasiyo na mwisho, na mawimbi yakipiga ufuoni kama ngoma." Iliendelea hivyo, nzuri, imenyooka, haina kosa, na watahini waliipa alama. Sisi tuliiita Insha ya Mombasa. Taabu yake ni kwamba watoto waliiandika hata walipoulizwa jambo lingine. Wiki yangu ya kwanza niliwapa kichwa "Ng'ombe Wetu", na mtoto mmoja akaandika kwamba ng'ombe wao alipanda garimoshi kwenda Mombasa, moyo wake ulijaa furaha, akastaajabu kuona bahari. Mwingine alikuwa amezaliwa Mombasa, akakulia Mombasa, amehamia Voi juzijuzi na baba yake wa reli, naye pia alistaajabu kuona bahari. Nilimwita nikamuuliza inakuwaje. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, Mombasa inaandikwagwa hivyo," akasema.

Kazi yenyewe ilikuja na kijitabu kilicholetwa na mkaguzi wa shule mwanzoni mwa muhula wa kwanza. Kilikuwa kimechapwa kwa stensili, jalada la kaki, wino wake ukishika vidole. Nusu ya kwanza ilieleza fikira potofu za walimu katika kufundisha uandishi, moja baada ya nyingine, na chini ya kila moja maelezo mafupi ya kufanya badala yake. Nusu ya pili ilikuwa insha za mfano zilizokusanywa kutoka shule mbalimbali za wilaya, na ya kwanza kabisa ilikuwa ile yetu, na chini yake jina la Mwalimu Mwadime kwa herufi za mashine. Kabla hakijachapwa rasmi kilitakiwa kijaribiwe mwaka mzima, kisha mwalimu mmoja kutoka kila shule asimame kwenye mkutano wa walimu aseme kama kinafaa. Mwalimu Mwadime alikishika kwa mikono miwili akanikabidhi mbele ya walimu wote. "Mwalimu Wakio, wewe ndiye bado una chuo kichwani. Kijaribu, kisha utatusemea," akasema. Nilifurahi sana. Nilidhani nimepewa heshima tu, sikujua ndani yake kuna mtihani.

Siku hiyohiyo tulikisoma mimi na Zuhura kwenye kizingiti cha mlango wetu, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akikuna nazi. Si kweli kwamba mtoto huandika vizuri akinyamaza, kwanza aseme. Si kweli kwamba insha ndefu ndiyo insha bora. Si kweli kwamba kila kosa lazima lipigwe mstari mwekundu siku hiyohiyo. Si kweli kwamba mtoto hujifunza kuandika kwa kukariri maneno ya mtu mwingine. Na mwisho kabisa, si kweli kwamba mwalimu wa uandishi hana haja ya kuandika yeye mwenyewe. "Hiyo tuiruke, shoga," Zuhura akasema. "Mwalimu gani ana wakati? Nikiandika mie, nazi itakunwa na nani?" Tukairuka.

Hizo nyingine nilizijaribu kweli. Niliwaacha watoto waseme kwanza, kwa Kidawida, kwa Kikamba, kwa lugha yoyote waliyokuja nayo kutoka nyumbani, wakielezana wawili wawili walichokiona njiani, na baadaye ndipo waandike kwa Kiswahili. Kelele ile ilivuka ukuta, walimu wenzangu wakachungulia dirishani kuona kama nimeshindwa. Majuma ya kwanza hayakuleta kitu. Halafu siku moja msichana aliyeitwa Mkamburi, baba yake akiwa pointimani, mtu wa kuyabadilishia magarimoshi njia pale kituoni, alinipa ukurasa wenye makosa mengi ambao mpaka leo naujua. Aliandika hivi: "Mama yangu hugombana na garimoshi. Akianika nguo linapita na moshi. Mama husema, wewe huna kwenu? Garimoshi halijibu. Linaenda zake Taveta." Nilimsomea Zuhura jioni ile na mwiko ukamtoka mkononi. Niliona raha ambayo sikuwahi kuiona darasani. Nilijua, bila mtu kuniambia, kwamba mtoto huyu ameandika.

Lakini kijitabu hakikuwa changu peke yangu. Katikati ya mwaka walimu wa shule zilizokuwa zikikijaribu tulikutana Voi kunywa chai na kuulizana hali, na kila mtu alikisifu. Mwalimu mmoja kutoka Mata alisema hajapata kuona kitabu kinachorahisisha kazi namna hii. Nikamuuliza amependa sehemu ipi. "Zile za nyuma," akasema. "Darasa langu wamezikariri zote, hata koma wanazitaja." Nikachungulia kijitabu chake, na cha jirani yake, na cha yule mwingine. Kurasa za mbele zilikuwa safi kama zilivyotoka kwenye mashine. Za nyuma zilikuwa na alama za vidole, chaki na mafuta ya taa. Hata Zuhura wangu, aliyeniunga mkono katika yote, siku aliyoumwa jino aliandika insha moja ya nyuma ubaoni, watoto wakanakili kimya, akapata nafuu. "N'kwambie kweli," alisema, "ilikuwa raha." Hapo ndipo nilipoelewa. Mbele kijitabu kilimwambia mwalimu asimpe mtoto maneno ya mtu mwingine, na nyuma kilimkabidhi maneno yenyewe. Na mwalimu aliyechoka, ambaye ndiye kila mwalimu wa Voi ifikapo saa nane mchana kwa lile jua, atafungua nyuma. Kijitabu kilikuwa kizuri, lakini kingefaa tu kama zile insha zingetolewa zote, kuanzia ya kwanza.

Rukia aliponisikia nikisimulia haya aliniuliza kwa nini sikunyamaza tu. Ni swali la haki. Ningesimama mkutanoni, nikasema kijitabu kinafaa, Mwalimu Mwadime angesaini, na mwaka wa pili ningefundisha nipendavyo. Nililipima hilo kwa wiki nyingi na sikuwa na ushujaa wowote, niliogopa tu. Lakini kila nilipotaka kukubali, nilimwona yule ng'ombe akipanda garimoshi, nikamwona na Mkamburi akiinama kuandika bahari asiyoijua, na mama yake na kamba yake ya nguo wakipotea. Nikaona siwezi. Wala sikuweza kumsema kisogoni mtu aliyenilisha. Basi niliamua kumwambia kwanza yeye, kwake, mbele ya chakula chake.

Ilikuwa Jumamosi, na Bibi alikuwa amepika pure, mahindi na maharagwe, na kuku mzima juu yake. Nilimweleza Mwalimu Mwadime polepole. Nilisifu nusu ya kwanza. Nilipofika nusu ya pili nilisema itolewe, nikamtajia na insha yake kwa jina. Bibi aliacha kupakua. Mwalimu Mwadime aliweka kijiko chini, akafuta mdomo, akanitazama muda mrefu bila hasira yoyote usoni, na hilo ndilo lililonitisha. "Kula, Mwalimu Wakio," akasema. "Chakula kinapoa." Kuanzia Jumatatu alinisalimu kama anavyosalimiwa mgeni wa serikali. Hakunikaripia, hakuja darasani kwangu, hakuniuliza ripoti imefika wapi. Jumamosi iliyofuata sikualikwa. Karatasi ya sahihi yangu ilikuwa kabatini mwake, niliijua ilipo, na kila nikipita ofisini kwake nililichungulia lile kabati. Nilianza kufikiria namna nitakavyowaeleza watu wa nyumbani.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, mbu walikuja nazo, na mimi nikashikwa na homa. Zuhura alinifunika leso zake zote na bado nilitetemeka. Alimleta dresa, mtibabu msaidizi wa zahanati ya reli, nikapewa vidonge vichungu, lakini homa ilishuka asubuhi ikapanda mchana, siku baada ya siku. Nikiwa nimelala uso ukutani nilisikia sauti ya Bibi nje, kwenye ua, akizungumza na Zuhura.

"Huyu mtoto ako na kinyongo ya mtu juu yake," Bibi alisema.

"Bibi, huyu ana homa ya mbu. Dawa keshameza."

"Ameze. Mimi sikatai. Yeye ameze, na mwanangu ateme."

Zuhura hakuelewa, lakini mimi nilielewa, na pale chini ya zile leso nilishtuka. Kwetu Udawidani mkubwa akimwekea mdogo hasira moyoni akaificha, ile hasira haikai bure, humdhuru yule mdogo hata kama mwenyewe hakutaka. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hunywa funda la pombe ya miwa, au maji, akaipuliza nje, na kila anapopuliza husema kilichomkaa moyoni, mpaka kiishe. Wazee wetu wote walifanya. Lakini Mwalimu Mwadime alikuwa mzee wa kanisa, msomaji wa Neno kila Jumapili, na nilijua afadhali ale chaki kuliko kuonekana akitasa. Sikumjua Bibi vizuri, kumbe.

Walikuja alasiri, mlango wazi, jua likimulika mpaka kitandani. Bibi alibeba kata ya maji. Mwalimu Mwadime alivaa koti lake la kanisani, na jasho lilikuwa likimtoka. "Mama, mimi ni mzee wa kanisa," alisema mlangoni, na nilihisi hakuwa anasema mara ya kwanza. "Na mimi ni mama ya mzee wa kanisa," Bibi akajibu. "Hii maji ni ya bomba ya reli. Shika." Akashika. Akapiga funda, akageukia uani, akapuliza, akasema kwa sauti yake ya kusomea Neno, "Ikiwa ninayo hasira na binti huyu, basi hasira hiyo na iondoke, na amani itawale." Akataka kurudisha kata. Bibi hakuipokea. "Hiyo ni ya kitabu," akasema. "Sema yako."

Mwalimu Mwadime alisimama na ile kata mpaka nikadhani ataiacha aondoke. Kisha akapiga funda lingine, akapuliza, na safari hii sauti ilitoka nyingine kabisa. "Nilikasirika," akasema, "kwa sababu nimemlisha huyu, akanivunjia heshima kwenye meza yangu." Akapuliza. "Nilikasirika kwa sababu jina langu halijachapwa mahali popote duniani ila pale, na yeye anataka kulitoa." Akapuliza. "Nilikasirika kwa sababu amesema kweli, na mimi nimefundisha miaka hii yote sijapata mtoto hata mmoja wa kuniandikia garimoshi lisilojibu." Hapo nikageuka. Sikujua kwamba alikuwa amesoma ukurasa wa Mkamburi. Akapuliza tena, maji kidogo tu sasa, mengine yakimtiririka kidevuni. "Na ile bahari sikuiona."

"Bahari gani?" Bibi akauliza.

"Ya Mombasa, Mama. Mlinituma nikiwa kijana, mkanifungia njugu na nguo mpya. Nilisafiri ndani ya behewa la mizigo, mlango umefungwa, usiku. Tulipita juu ya maji sikuyaona. Nikawekwa ghalani pale kituoni kubeba magunia, sikuruhusiwa kutoka, na kabla ya siku ya kupumzika nikashikwa na homa, nikarudishwa kwenye behewa lilelile. Niliisikia bahari ikinuka tu. Niliporudi mliniuliza bahari ikoje, nyote, mmekaa mkinitazama. Ningesemaje? Nikawaambia yale niliyosikia kwa wabebaji wenzangu. Baadaye nikayaandika. Nikayaandika mazuri."

Bibi alikaa kitandani miguuni pangu kama mtu aliyeelemewa. "Miaka yote hii," akasema polepole, "nimewaambia wanawake wa soko kwamba mwanangu ameoga bahari." Zuhura ndiye aliyecheka wa kwanza. Alijaribu kujiziba kwa leso, leso ikashindwa, na kicheko chake kikamchukua Bibi, kikamchukua Mwalimu Mwadime aliyecheka huku akijifuta kidevu na machozi kwa mkono mmoja, na mimi nilicheka kwa kifua kilichokuwa kikiuma, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi nilipumua mpaka chini. Jioni ile homa iliniacha. Mimi niliamini ni maji, Zuhura aliamini ni vidonge, na amekufa hatujakubaliana.

Ripoti niliisoma mkutanoni kama nilivyoiandika, nusu ya kwanza ibaki, nusu ya pili itolewe. Walimu wengi walinung'unika, yule wa Mata zaidi. Mkaguzi aliuliza kama mwalimu mkuu wangu anajua ninayoyasema, na Mwalimu Mwadime akasimama akasema anajua, na kwamba insha ya kwanza ya kutolewa ni yake. Kijitabu kilipochapwa kilikuwa chembamba, bila jina la mtu. Nimemwambia Rukia asome vizuri hiyo karatasi yake, kisha aangalie imempa nini mwalimu aliyechoka cha kutumia Jumatatu, kwa maana hicho ndicho kitakachotumika. Akasema atawaambia hivyo. Amerithi macho ya Zuhura, yale ya kukuangalia kana kwamba tayari ameshajua kichekesho kiko wapi, na nilifurahi kwamba hayajapotea.

Lakini kabla ya mkutano kuna asubuhi moja, na hiyo ndiyo ninayoirudia nikikosa usingizi, nikaupata. Nilikuwa nimerudi darasani, bado dhaifu, nikiwapanga watoto wawili wawili. Mwalimu Mwadime akaingia bila kubisha. Watoto walisimama. Akaja mpaka mezani kwangu, akaweka karatasi, na kwenye karatasi niliona jina langu na chini yake sahihi yake, ile yenye mkia mrefu. "Nimesaini kabla hujasoma ripoti yako," akasema kwa sauti ya chini, "ili kesho mtu asiseme wewe umeninunua, ama mimi nimekununua wewe. Sasa nipe darasa lako kidogo." Nilikaa kwenye kiti changu, kiti changu kweli sasa, na nikaiwekea karatasi ile kiganja juu yake isije ikapeperuka.

Akawageukia watoto. "Nataka kuwaambia habari ya Mombasa," akasema, na darasa zima, bila kuambiwa, likavuta pumzi na kuanza kwa pamoja, "Siku moja nilipanda garimoshi kwenda—" Akainua mkono. "Hapana. Siyo hiyo. Nyingine." Akawaeleza behewa, mlango uliofungwa, magunia na homa. Hakuchagua maneno. Watoto walisikiliza midomo wazi. Alipomaliza, Mkamburi akanyoosha mkono.

"Kwa hivyo bahari hukuiona, Mwalimu?"

"Sikuiona."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mkamburi alilifikiria hilo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akageuka kumweleza jirani yake jambo, na darasa likalipuka kwa mazungumzo, kila mtoto na mahali ambapo hakufika, kitu ambacho hakukiona. Niliwaacha waseme. Kisha wakainama kuandika. Mwalimu Mwadime aliniomba karatasi na penseli, akaenda kukaa dawati la nyuma, soksi zake zikiwa juu kuliko meza, akaandika, akafuta, akaandika. Kengele ililia, watoto wakaleta kazi zao mmoja mmoja wakatoka mbio uwanjani. Yeye hakuinuka. Nikamwendea, nikanyoosha mkono nipokee karatasi yake kama nilivyopokea za wengine, naye akaifunika kwa kiwiko.

"Ngoja kidogo, Mwalimu," akasema. "Bado sijafika Mombasa."